Tupeane uzoefu: siku uliyoingiza amplifaya kubwa nyumbani, yalikukuta yapi?

Mdundo wa Pole
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita kwa fundi redio kuchukua feni ya mama, nikakutana na ile harufu. Wanaoijua wanaijua: vanishi ya koili iliyoungua, tamutamu hivi, inakaa puani mpaka usiku. Ikanirudisha 2014 moja kwa moja.

Nilikuwa na kiamplifaya cha wati 40 kila upande na spika ndogo za wufa (spika ya besi) inchi 6. Chumba na sebule kilitosha kabisa, ila si unajua ujana. Nikakiuza, nikaongeza laki nne, nikachukua la wati 80. Hesabu yangu: wati mara mbili, sauti mara mbili. Nikaunganisha, nikaweka Msondo, nikakaa kwenye kochi kusubiri ukuta utikisike. Wapi! Ilikuwa kama mtu kasogeza kiti mbele kidogo. Baadaye ndiyo naelezwa kwamba ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na ili sikio likubali kuwa sauti imekuwa mara mbili linataka kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo nilitakiwa nitafute la wati 400. Laki nne nzima nimenunulia desibeli tatu.

Nyie mlipopandisha ilikuwaje? Mwageni.

Bila Ekwalaiza
Umenitonesha. Langu liliandikwa PMPO 12,000W kwa mbele, zile wati za matangazo tu, herufi za dhahabu. Kugeuza nyuma, fyuzi ni ya ampea 2.

Shemeji wa Tandika
@Bila Ekwalaiza ampea 2 mara volti 230 ni wati 460. Hizo 11,540 zilizobaki zinatoka kwa mganga?

Fundi Testa
Mtoa mada, ulianzia mwisho. Kabla ya amplifaya ungesoma mgongoni mwa spika. Kuna spika ukiipa wati moja, ukasimama mita moja, inatoa desibeli 84. Nyingine kwa wati hiyohiyo inatoa 90. Ile ya 84 inataka wati mara nne kuifikia mwenzake. Kuna mzee Temeke namfanyia kazi zake, ana amplifaya ya NAD 3020 ya enzi zile, wati 20 tu kila upande, kaifungia makabati makubwa ya wufa inchi 12. Akiweka Sikinde Jumapili, mtaa mzima unajua mzee kaamka.

Sauti ya Juu
@Fundi Testa hizo hadithi za wazee. Wati 20 ni redio ya jikoni. Mwanaume amplifaya lianzie wati 200, uliache hapo kwenye robo, lisihangaike. Ndogo ukiikaza ndiyo inaunguza spika.

Kaka wa Kinondoni
Uongo. Kubwa ndiyo inaunguza spika. Mi nimeua wufa mbili kwa la wati 300.

Sauti ya Juu
Uliziua wewe, siyo amplifaya.

Fundi Testa
Mnabishana wote mko sawa. Ndogo ikikazwa kupita uwezo, mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inaanza kukwaruza, twita (kile kispika cha sauti nyembamba) inakufa kwanza. Kubwa ikisukumwa hovyo, koili ya wufa inapata joto mpaka inagoma kusogea. Kwa benchi langu twita ndizo nyingi.

Baba Wawili
Sikutaka kuandika humu, ila hiyo harufu aliyoisema mtoa mada imenifanya niweke chai chini.

2017, Mbagala. Nina familia, nimepanga vyumba viwili na sebule, na mwenye nyumba kakubali tuweke vigae sebuleni kisha tukatane kwenye kodi. Hela ya vigae iko kwangu. Siku hiyo jamaa mmoja ananipigia, kuna chuma kimeshuka ndani ya buti ya gari la mtumba kutoka Japani. Nikaenda kuangalia tu. Wakuu, nilipoliona nilinyamaza. Uso mweusi, vinobu vya alumini vizito, ukizungusha cha sauti kinakwenda taratibu kama mlango wa benki. Kilo 18. Nikalibeba kwa bodaboda nimelipakata kama mtoto mchanga.

Nyuma kuna kibati kimeandikwa AC 100V. Nilikiona! Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikakiona, nikajiambia kumbe hili halili umeme sana.

Lingine ambalo sikulijua: fyuzi ya ndani ilikuwa imeungua zamani, kijana wa dukani akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ya kwake yakaisha.

Mke kaenda kikoba. Mama mkwe amekuja kutoka Korogwe kwa ajili ya kliniki ya macho, kalala sebuleni kwenye godoro, kajifunika kanga mpaka usoni. Nikasema nitaliwasha kwa sauti ndogo, hatasikia. Saa mbili usiku nikachomeka. Spika hata sijazifunga.

Kwanza ikaja nguuuuu, kama lori linapanda mlima na mzigo. Taa ikafifia. Nikawaza, hii ndiyo nguvu yenyewe. Sekunde nne, tano. Kisha PAA. Kabla sijafika kwenye soketi, PAA ya pili. Yale makapasita makubwa mawili, yale makopo ya ndani yanayotunza umeme, yalipasuka yakatoa utumbo wake, vipande vya karatasi vyepesi kama sufi, vikapanda mpaka darini, vikaanza kushuka polepole juu ya kanga ya mama mkwe. Moshi mweupe, harufu ya samaki aliyelala jua siku mbili, na chini yake hiyo harufu tamu ya mtoa mada.

Mama mkwe akakaa kitako, kichwa kimejaa sufi, akauliza neno moja: "Nani kafa?"

Nikazima swichi kubwa. Giza. Mlango ukafunguliwa, mke huyo karudi, anamulika na simu. Akamulika mama yake. Akamulika amplifaya. Akamulika sakafu ya saruji. Kwenye sakafu alikaa muda mrefu.

Dada Mpole
Aliposema alimulika sakafu nimeshindwa kupumua.

Shemeji wa Tandika
"Nani kafa" nimeicheka mpaka bosi kaniuliza.

Bila Ekwalaiza
Mkuu vigae viliwekwa?

Kaka wa Kinondoni
Na mama mkwe macho yake je?

Sauti ya Juu
Tumetoka kwenye mada. Tuliambiwa tuseme ya amplifaya, sasa tunajadili mama mkwe wa watu.

Dada Mpole
@Sauti ya Juu wewe pita hivi. Tuko kwa mama mkwe.

Fundi Testa
Kwa faida ya wengine. Transfoma ya volti 100 ukiipa 230, chuma chake kinashiba sumaku, inavuta umeme bila mpaka. Fyuzi nzima ingekatika palepale na ungepoteza mia tano ya fyuzi nyingine. Karatasi ya sigara haikatiki. Na volti za ndani zinapanda zaidi ya mara mbili, kapasita iliyoandikwa 63V inapewa mia na kitu. Itapasuka tu. Mitambo ya soko la ndani la Japani lazima transfoma ya kushushia.

Mpemba wa Muscat
Sie huku langu lilitoka Marekani, la volti 120, na hapa ni 240. Kibati nilikisoma, alhamdulillahi, nikanunua transfoma ya kushushia. Sasa tamaa: amplifaya laandikwa hula wati 700, mie nikachukua transfoma ya 500 kwa kuwa bei yake ndogo. Kwa sauti ya chini hewallah. Taarabu ikifika pale besi na ngoma zinapoingia pamoja, taa ya mbele inakonyeza. Nikanunua ya 1500, ni zito kuliko amplifaya lenyewe.

Mama Naila
Niseme na sisi wa upande wa pili. Mume wangu alileta moja, akasema kapewa na rafiki anayehama. Ilikuwa ya wati 25, nikaona afadhali kadogo. Kumbe ni zile anaita daraja A, inakula umeme uleule iwe inaimba au imenyamaza. Ubavuni moto kama chungu cha maandazi. Uniti za wiki tatu zikawa za wiki moja na nusu. Paka ndiye aliyeipenda, analala juu yake kutwa, na manyoya yanaingia kwenye matundu. Na huyo rafiki anayehama mpaka leo namuona mtaani.

Shemeji wa Tandika
Huyo rafiki ni wa taifa, wote tunaye.

Benchi la Mwanza
Mi nilipigwa kwenye matengenezo. Transista za kutolea sauti zimekufa, nikanunua jozi nne za 2SC5200 na 2SA1943, maandishi safi kabisa. Dakika ishirini zote chali. Fundi akapasua moja kwa koleo, ndani kichipu kidogo kama punje ya mtama. Halisi alipasua akanionyesha, ni kipana. Ukinunua za bei chee, jua ndiyo hizo.

Kaka wa Kinondoni
Wakuu swali, kuwasha mnaanza na nini? Mi naanza na amplifaya.

Sauti ya Juu
Sahihi, liwashe kwanza lipate joto.

Fundi Testa
Hapana jamani! Amplifaya wa mwisho kuwashwa, wa kwanza kuzimwa. Ile "dup" ya vyombo vingine itapita kwenye spika.

Bila Ekwalaiza
Mi langu nawasha na swichi ya ukutani vyote pamoja, miaka sita sasa. Mungu yupo.

Benchi la Mwanza
Na msifungue kifuniko eti kwa sababu mmechomoa waya. Kapasita zinabaki na umeme. Mi nazimaliza kwa balbu ya wati 60.

Sauti ya Juu
Bisibisi tu, paa, imeisha.

Benchi la Mwanza
Ndiyo maana bisibisi yako haina ncha.

Mdundo wa Pole
@Baba Wawili rudi mkuu, watu wanasubiri. Vigae na mama mkwe.

Baba Wawili
Nimerudi, nilikuwa natoa gari. Vigae viliwekwa 2019, kwa hela ya kikoba cha mke, na kila mgeni anaambiwa hivyo. Macho ya mama ni mazima, kuliko hata ningependa. Akija akaona chombo chochote chenye waya sebuleni anahamishia godoro chumbani kwa watoto.

Fundi Testa
@Baba Wawili transfoma ya lile amplifaya bado unayo? Koili ya pili, ya kutolea umeme, inaweza kuwa nzima, naweza kusuka upya ya kwanza, ya kuingizia, kwa 230. Nitakupa elfu hamsini.

Baba Wawili
Mke aliiuza kwa wa vyuma chakavu wiki ileile. Walipima kilo saba na nusu.