Masta ya uhandisi wa programu: mtu aende moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, au afanye kazi kwanza?

Mbukwenyi wadau. Naiweka tena hoja hii mezani, pamoja na majibu ya baadhi yenu mlionijibu nilipoidokeza mara ya kwanza, nikijua itawaudhi wadogo zangu wanaomaliza shahada ya kwanza mwaka huu. Ninavyoona mimi, vyuo vyetu visimpokee mtu kwenye uzamili wa uhandisi wa programu mpaka awe ameutunza mfumo unaotumiwa na watu kwa muda usiopungua miaka miwili. Uwe wake au wa mwingine, muhimu uwe unafanya kazi na kuna watu wanaoutegemea.

Nilihitimu hapahapa Dodoma nikiamini najua kuandika programu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye chama cha wakulima wa zabibu pembezoni mwa jiji. Nikarithishwa mfumo wa malipo ulioandikwa na kijana aliyekwisha kuondoka. Hakukuwa na maelezo yoyote wala majaribio, na nenosiri la kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zote za mfumo, lilikuwa limeandikwa ndani ya programu yenyewe. Msimu wa kwanza ukapita salama, au niseme hakuna aliyelalamika. Msimu wa pili akaja mzee mmoja na daftari lake, jumla yake haifanani na ya kwetu. Nikamwambia kompyuta imehesabu, haikosei. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi, akavaa miwani, akaanza kunisomea mizigo yake mmoja mmoja: kilo 37 na pointi nane, kilo 41 na pointi sita, hivyohivyo mpaka mwisho.

Mzee alikuwa sahihi. Sehemu ya kuhifadhi uzito iliwekwa ipokee namba nzima tu, kwa hiyo 37.8 iliingia kama 37 na kile kilichobaki kikapotea kimya kimya. Kwa mzigo mmoja hutaona kitu. Kwa mkulima mwenye mizigo kumi na tano, hiyo ni pesa ya daftari na sare za watoto. Tulipitia upya vitabu vya misimu yote miwili kwa mkono, na yule mzee alilipwa. Neno langu la "haikosei" bado linaniuma.

Masta niliingia mwaka wa nne wa kazi. Tukafundishwa habari ya roketi ya Ariane 5, iliyolipuka tarehe 4 Juni 1996 haijamaliza hata sekunde 40 tangu iruke. Programu yake ilijaribu kuibana namba ya biti 64 ndani ya nafasi ya biti 16, yaani namba kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, na ile programu ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4 bila kujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya. Wenzangu waliotoka moja kwa moja shahada ya kwanza waliandika tarehe na sababu, wakijiandaa na mtihani. Walikuwa wepesi kuliko mimi, hesabu walinizidi mbali. Lakini mimi pale darasani nilikuwa namwona mzee na daftari lake.

Ilikuwa hivyohivyo tulipofika kwa Meir Lehman, mtafiti wa uhandisi wa programu aliyeandika tangu miaka ya 1970 kwamba mfumo unaotumika usipoendelea kurekebishwa, manufaa yake hupungua mwaka hadi mwaka. Kwa aliyewahi kuandika mfumo wa mradi wa chuo tu, uliowasilishwa mara moja na kufungiwa kwenye flashi, sentensi ile ni ya kukariri. Kwangu ilikuwa maelezo ya maisha yangu ya miaka minne.

Tena angalieni tasnifu zinazoandikwa. Tunaishi jiji ambalo wizara zimehamia Mtumba, kwenye mji wa serikali, Mamlaka ya Serikali Mtandao ina sheria yake tangu 2019, na hata ada ya hiyo masta unailipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mifumo imetuzunguka pande zote. Halafu mtu anamaliza uzamili kwa kubuni mfumo ambao hakuna anayeusubiri, kwa sababu hajawahi kukutana na tatizo linalomkosesha usingizi.

Nirudi kwa walionijibu. Dada mmoja wa Kondoa ameandika: "Kaka, nimemaliza miaka miwili iliyopita, kila tangazo la kazi linataka uzoefu. Sasa na chuo nacho kikitaka uzoefu, mimi niende wapi?" Dada, hoja yako imenigusa na imenibadilisha kidogo. Sisemi tena kwamba lazima mtu alete barua ya ajira. Mfumo wa duka la dawa la mtaani, wa parokia, wa saccos ya mama ntilie pale sokoni, mradi umetumika na umeurekebisha watu walipolalamika, uhesabiwe. Hata mchango kwenye programu huria uhesabiwe. DHIS2, unaokusanya takwimu za afya nchini kwetu, uliasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu, uko wazi kwa yeyote. Ukiwa Kondoa na intaneti ya kuungaunga unaweza kuusoma na kuchangia.

Mwalimu mmoja amekumbusha kwamba mkufunzi msaidizi hapandi kuwa mhadhiri msaidizi bila uzamili. Hapo nakubali, wao wapewe njia yao.

Kuna aliyeuliza masta ya nini wakati akili bandia inaandika programu. Ndugu yangu, mimi naitumia kila siku. Usipoiambia kwamba mizani ya zabibu inasoma pointi, inaweza kukuwekea namba nzima vilevile.

Linalonitatiza bado ni uthibitisho. Mwombaji akisema mfumo wake umetumika miaka miwili, nani atamsemea? Mimi ningekuwa kwenye jopo la udahili, ningempa mwenyekiti wa chama cha wakulima uzito uleule ninaompa mkurugenzi wa shirika, na ningempigia simu nimuulize walilalamikia nini na kijana alifanya nini. Waliowahi kukaa kwenye majopo hayo watuambie: hilo linawezekana, au kanuni zinalizuia?