Njia ya baiskeli Morogoro Road ni ya nani? Maana sisi wenye baiskeli hatupiti

Wakuu habari za saa hizi. Naandika goti likiwa limevimba na hasira bado ipo kooni, kwa hiyo sentensi zikienda kombo mnivumilie.

Mimi nauza mayai. Nayachukua Kimara nasambaza kwa wachoma chipsi kuanzia Manzese, Magomeni mpaka Kariakoo, na usafiri wangu ni baiskeli, Phoenix ya rimu 28, nyuma kwenye karia nimechomelea fremu ya nondo inabeba trei 10 bila wasiwasi. Trei 10 ni mayai 300. Miaka yote nafanya hii kazi sijawahi kuangusha trei nzima, labda yai moja moja kwenye matuta. Jana asubuhi nimevunja mayai 194 kwa mpigo mmoja, na aliyeniangusha ndo akawa wa kwanza kunitukana.

Ilikuwa Manzese, nimeshapita kituo cha Tip Top naitafuta kituo cha Argentina. Nipo kwenye njia ya baiskeli kabisa, ile iliyojengwa pembeni kwa ajili yetu. Mbele kuna gari, IST, imepaki kwa upana imeziba njia yote, mwenyewe kashuka yupo dukani ananunua sijui vocha sijui nini, hazadi imewashwa. Hivi hii hazadi nani aliwaambia madereva wa Dar kwamba ukiiwasha unaruhusiwa kupaki hata sebuleni kwa mtu? Nikapunguza mwendo nikapita kwenye upenyo uliobaki kati ya bampa na ukuta wa duka, natokea tu upande wa pili nakutana na boda anakuja anti-klokwaizi, kapakia mshikaki, abiria wawili na begi la shangazi kaja, mwendo kama anawahi mochwari. Akanipiga hendo, nikaenda chini, trei zikafuata.

Yaani usikie ule mlio. Mayai 194 hayapasuki kama glasi, yanafanya kama mtu anakanyaga majani makavu, halafu kimya, halafu ute unaanza kutiririka taratibu kwenda mtaroni na wewe umekaa chini unauangalia.

Boda hata hakushuka. "We mzee angalia mbele, njia ya wote hii!" akasepa. Dereva wa bajaji aliyekuwa pale anasubiri abiria akapiga kelele "leo zege bila viazi!" yaani chipsi mayai, watu wakacheka, na kusema kweli siku nyingine ningecheka na mimi. Mama mmoja tu muuza maandazi ndo alinisogelea, pole mwanangu, akanipa maji ya kuoshea goti.

Sasa turudi kwenye hilo neno "njia ya wote". Mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yake, imeanza 2016, na pamoja na zile barabara za mabasi tukajengewa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri, Dar ndo ilikuwa ya kwanza Afrika, tukapiga makofi wote. Mimi nilipiga kweli, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa napita barabarani na malori ya mikoani naomba dua toka Kimara mpaka Faya.

Nenda leo saa 12 jioni ukaone hiyo njia. Foleni ikishika kidogo tu pikipiki zote zinapanda juu, na zinapiga honi mtu wa baiskeli awapishe kwenye njia yake mwenyewe. Vijiwe vya boda vimekaa pale pale mlangoni pa njia. Mitumba, matunda, fundi viatu, makochi ya kuuza jamani, makochi! 2021 machinga walivyoondolewa pakawa peupe kwa muda, nikasema afadhali, sasa hivi wamerudi mmoja mmoja. Wao siwachukii sana maana wanatafuta ugali kama mimi. Ninaowachukia ni wenye magari wanaopaki.

Nikishuka barabarani sasa. Daladala inakuchomekea bila indiketa inashusha abiria puani kwako. Wengine wanatanua, yaani ile sehemu ya pembeni ambayo ndo roho yangu imejishikiza anaitaka na yeye, saiti mira inakupita kwenye kiwiko. Mmoja alishusha kioo akaniambia "baiskeli peleka kijijini". Kaka, kijijini kwenyewe nani atakula mayai 300 kwa siku?

Basi napanda kule kwa waenda kwa miguu. Huko nako kuna siku bibi mmoja alinikunjia mwamvuli, "we baba unataka kuniua na mayai yako?" na alikuwa sahihi, nilishuka nikamuomba radhi nikasukuma. Lakini na waenda kwa miguu wenyewe wanatembea kwenye njia ya baiskeli, kijana kaweka iafoni masikioni, unapiga kengele mpaka kidole kinauma. Ukimuuliza mbona unapita huku, anakuonyesha kule kwake kumejaa viatu vya mtumba. Yaani kila mtu kasukumwa na aliye mzito kuliko yeye, na kwenye huo mnyororo mimi nipo karibu na mwisho, wa mwisho kabisa ni mtoto wa shule kwenye zebra.

Hiyo zebra ndo usiseme. Gari la kwanza linasimama, watoto wameshikana mikono wanaanza kuvuka, la pili linaovateki lile lililosimama. Hilo nimeliona kwa macho yangu mara nyingi mpaka siku hizi nikikuta watoto nalaza baiskeli katikati na trei zangu, maana dereva haogopi mtoto ila anaogopa kuchubuliwa rangi. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, faini ipo, ila tochi ya trafiki ya kupima spidi utaikuta imejificha kule barabara imenyooka.

Na sisi wa baiskeli tusijifanye malaika. Wapo wenzangu wanabeba mkaa magunia mawili na breki hana, anasimama kwa kukanyaga tairi na kandambili. Usiku hana taa wala rifleta. Mimi mwenyewe nimeshapita njia ya mwendokasi, mara moja tu, nilikuwa nimechelewa oda, basi likaniwashia ful lait nyuma nikajua leo nakufa na mayai yangu. Sirudii. Ila mimi nikikosea nakufa mimi. Wa V8 akikosea anapeleka gari kunyoosha bodi.

Najua kuna watu watakuja hapa chini kuniambia nunua pikipiki. Nikinunua pikipiki si ndo atakuwa ameongezeka mwingine wa kupanda kwenye njia ya baiskeli? Na mafuta mtaniwekea nyie? Faida ya yai moja mnaijua?

Mwenye IST, kama unasoma hapa, ulitoka dukani ukaangalia matairi yako kama yamechafuka na ute ukaondoka. Nilikuwa nimekaa hapo hapo chini, ulinipita kwa mguu.

Wachoma chipsi watatu leo nimewapigia simu hawana mzigo, mmoja ameshachukua kwa mtu mwingine. Rimu ya mbele imepinda. Anayemjua fundi wa kunyoosha rimu 28 maeneo ya Manzese au Mburahati, ambaye hataniambia nibadilishe spoki zote, anistue, kesho saa 11 alfajiri natakiwa niwe Kimara.