Nataka udaktari wa meno Marekani: digrii ya kwanza nichukue kemia au baiolojia?

Binti_UsaRiver: Habari zenu wakuu. Niko Texas, namaliza chuo cha jamii (kile cha miaka miwili) na muhula ujao nahamia chuo kikuu. Huko lazima nitaje kozi. Lengo langu ni udaktari wa meno, na huku huingii moja kwa moja: unapiga digrii kwanza, ndipo unaomba miaka minne ya meno. Kila Mtanzania niliyemuuliza kaniambia baiolojia, basi.

Roho yangu iko kwenye kemia. Nimekulia Meru, maji yetu yana floraidi nyingi, shuleni tulikuwa tunacheka tumeziba mdomo kwa mkono kwa sababu ya meno ya kahawia. Nilipoanza kusoma kemia nikaelewa kwamba floraidi nyingi huharibu jino la mtoto wakati linajengwa, bado liko ndani ya ufizi. Shida ni moja: hesabu na fizikia nimepata B, baiolojia napata A bila jasho. Naogopa kuua GPA, yaani wastani wa alama zangu. Makaratasi ya kuishi huku ninayo.

Mwenyeji_Katy: Baiolojia. Wengi wanaoingia wametoka huko na masomo yanayotakiwa karibu yote yamo ndani. Usijitafutie matatizo, dada.

Meno32: Niko mwaka wa tatu wa meno, ngoja niseme ninachokijua. Jina la kozi haliwasumbui shule za meno. Darasani kwetu yumo aliyesomea muziki. Wanachoangalia ni kama umechukua baiolojia, kemia ya jumla, kemia ogani na fizikia, zote pamoja na maabara, halafu shule nyingi zinataka na baiokemia. Ukisoma kemia, itabidi uongeze baiolojia pembeni; chukua mikrobiolojia na anatomia, zitakusaidia mwaka wa kwanza wa meno, ule ni moto.

Sasa GPA. Zinazoangaliwa sana ni mbili, ya jumla na ya sayansi peke yake, na fizikia imo kwenye hiyo ya sayansi. Ukirudia somo, alama ya zamani haifutiki hata kama chuo chako kimeifuta, zote zinahesabiwa. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, ila unaiogopa kemia yote wakati kinachoangusha watu ni kemia ya fizikia, ile ya mwaka wa tatu yenye hesabu nzito. Fungua mpangilio wa masomo wa chuo unakohamia uone ipo mihula mingapi. Baadhi ya vyuo vina baiokemia, au kemia ya B.A. (digrii ya sanaa badala ya sayansi), ambayo imepunguziwa hiyo.

Mtihani wa DAT, ule wa kuombea nafasi ya meno, una maswali 40 ya baiolojia, 30 ya kemia ya jumla na 30 ya kemia ogani. Fizikia haimo kabisa. Mwenye kemia hapo anapumua. Kuna pia maswali 90 ya maumbo, kukunja karatasi kichwani na kulinganisha pembe, na hayo hakuna kozi inayoyafundisha. Ni mazoezi tu.

Mzee_wa_Ubungo: Mnapoteza miaka bure. Muhimbili unaingia na PCB yako (fizikia, kemia, baiolojia) ya kidato cha sita, miaka mitano umemaliza. Rudi nyumbani mwanangu.

Meno32: Shikamoo mzee. Ni kweli, na wanatoka wazuri. Ila akitaka kurudi kufanya kazi huku, majimbo mengi yatamtaka akae tena darasani miaka miwili au mitatu kwenye chuo cha hapa. Inategemea anataka kuishi wapi.

Binti_UsaRiver: Shikamoo mzee. Familia yote iko huku, nitabaki.

Mama_Neema_TX: Mbona hakuna anayetaja hela? Kwa wanaoanza kukopa kuanzia 1 Julai 2026, mkopo wa serikali kuu kwa kozi kama meno una kikomo, dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Zipo shule za binafsi ambazo ada na kuishi kwa mwaka vinapita 100,000. Sasa hiyo tofauti utaitoa wapi? Wewe una bahati uko Texas: kuna shule nne za umma, Houston, San Antonio, Dallas na El Paso, na nafasi nyingi ni za wakazi wa jimbo. Usihame jimbo kwa sababu ya mchumba.

Na kemia ina faida nyingine. Ukikosa nafasi mara ya kwanza, hapa Houston viwanda vya mafuta vina maabara. Mwanangu wa baiolojia alihangaika sana kutafuta kazi.

Mwenyeji_Katy: Hiyo ya mwisho nimeikubali.

Meno32: Anza pia kukaa kliniki kumtazama daktari akifanya kazi. Wengi huambiwa wafikishe saa 100. Usingoje mwaka wa mwisho, na andika tarehe na saa kila ukienda.

Binti_UsaRiver: Nimefungua mpangilio. Kemia ina kemia ya fizikia mihula miwili na maabara yake. Kwenye baiokemia hiyo kemia ya fizikia ni muhula mmoja tu, na baiolojia ninayoihitaji yote imo. Naelekea baiokemia. Huo muhula mmoja niuweke wapi?

Meno32: Popote, mradi usiwe pamoja na kemia ogani ya pili. Na usiwe muhula unaojiandaa na DAT.