Tarehe za mapokezi ya kahawa zimevurugika kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, msaada wakuu

Mwanjelwa_Kati
Wakuu, nimepakia CSV (faili la jedwali lililo maandishi matupu) ya mapokezi ya kahawa ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja huku Mbozi, msimu wa 2024, kwa amri ya COPY. Yote imeingia bila kosa, ila nikijumlisha kilo kwa mwezi, Julai na Agosti zimepungua mno. Wakulima wanalipwa Ijumaa. Nifanyeje?

Fundi_Nzovwe
Hamia MySQL, hifadhidata nyingine. Pakia kwa LOAD DATA, soma safu kwenye @t, kisha SET tarehe = STR_TO_DATE(@t, '%d/%m/%Y'). Y iwe kubwa. Ndogo inasoma tarakimu mbili tu, 2024 inageuka 2020.

Dada_Vwawa
Mtu anavujiwa bati, wewe unamhamisha nyumba. Mtoa mada, hesabu mistari kwa kila mwezi utuletee.

Mwanjelwa_Kati
Miezi yote 12 ina mistari. Hata Januari.

Mzee_Igawilo
Hii chai, tena si ya Tukuyu. Januari kahawa ya Mbozi bado ya kijani mtini, nani kaifikisha mzani? Kijana kapewa kazi ya chuo, anataka tumfanyie.

Dada_Vwawa
Mzee, hiyo Januari ndiyo jibu: 01/07 imegeuka 7 Januari. Ila COPY inayotanguliza mwezi ingekwama kwenye 13/07. Faili lilipita wapi kabla?

Mwanjelwa_Kati
Kweli ilikwama hapo. Nikafungua kwa Excel, safu nikaipa yyyy-mm-dd, nikasevu juu yake. Ikagoma tena, nikaweka SET datestyle = 'ISO, DMY' (siku itangulie mwezi), ikapita. Ila Excel haina shida, ofisi nzima tunaitumia. UPDATE (amri ya kubadili data) ya kugeuza siku na mwezi nimeshaiandika, naiendesha usiku huu.

Dada_Vwawa
Ngoja! Excel yako ina mpangilio wa Kimarekani. 01/07/2024 imeandika 2024-01-07. 13/07/2024 imeiacha maandishi kwa sababu hakuna mwezi wa 13. DMY ikasoma 13/07 vizuri, lakini 2024-01-07 ni ISO (mwaka-mwezi-siku), datestyle haiigusi. Kwa hiyo hukuona kosa. Angalia Januari: siku zitakuwa 6, 7, 8, 9 hivi, yaani miezi ya msimu. Geuza siku 1 hadi 12 pekee:

UPDATE mapokezi SET tarehe = make_date(extract(year from tarehe)::int, extract(day from tarehe)::int, extract(month from tarehe)::int) WHERE extract(day from tarehe) <= 12;

Anza na BEGIN, endesha hiyo UPDATE, hesabu miezi upya, ndipo COMMIT (kuthibitisha mabadiliko). Ukiiendesha mara mbili umerudi ulikotoka.

Kipanga_Ipogolo
Na kama kuna mistari iliyoingizwa kwa mkono, hiyo UPDATE itaiharibu. Tafuta faili asilia, pakia tarehe kama text kwenye jedwali la muda, kisha to_date(t, 'DD/MM/YYYY'). PostgreSQL toleo la 10 kwenda juu inakataa 31/02. Mwaka ukiandikwa 24 tu, YYYY inakupa mwaka 0024, kwa hiyo kagua min(tarehe), yaani tarehe ya zamani kuliko zote.

Mwanjelwa_Kati
Asilia ndiyo ile niliyosevu juu yake.

Dada_Vwawa
Karani aliyekutumia anayo kwenye barua pepe yake. Mpigie sasa hivi. Ikifika, usiifungue kwa Excel.

Fundi_Nzovwe
MySQL bado ipo.