Hilux mpya imekimbizwa kabla ya kilomita 1,000: kompyuta imeandika?

Mchuuzi_Malindi: Asalaam aleikum wanajamvi. Hilux mpya ya petroli, gia za mkono, odometa inasoma kilomita 430. Dereva kaikimbiza Mjini hadi Nungwi na kurudi, mshale wa mizunguko unapanda 5,000. Waranti bado mbichi. Wakala akichomeka mashine yake ataona? Kuna fundi Darajani anasema anafuta kila kitu. Nimwachie?

Fundi_Kwerekwe: Waaleikum salaam. Huyo wa kufuta mwambie ahsante, arudi kwake. Kompyuta ya injini haiandiki kila safari, inaweka hitilafu. Silinda ikikosa kuwaka, kwa mfano, inatia kodi (namba ya hitilafu) na kuhifadhi hali ya wakati ule: mizunguko, mwendo, joto la maji, mzigo wa injini. Kama hakuna kodi, hakuna cha kusoma hapo. Ukifuta ndiyo unajitia matatani, kwani mashine inaonesha gari imekwenda kilomita ngapi tangu kodi zifutwe. Gari ya kilomita 430 iliyofutwa juzi, hata mie ningeuliza kulikoni.

Bint_Mkunazini: Na kile kisanduku cha ajali?

Fundi_Kwerekwe: Hicho kimo kwenye kompyuta ya mifuko ya hewa, dada. Kinashika kama sekunde 5 kabla ya mgongano: mwendo, breki, kanyagio la petroli. Safari ya Nungwi isiyo na ajali hakiihusu.

Ami_Gereji: Msimtulize kupita kiasi. Porsche inahesabu mara ambazo injini imepita kiwango cha mizunguko, imezigawa kwa ngazi, tena inaandika tukio la mwisho lilitokea injini ikiwa imeshafanya kazi saa ngapi. Yaani ikitokea kwenye saa ya 6, inajulikana ni wakati wa kuzoesha injini. Nissan GT-R nayo ina kumbukumbu yake. Hilux si Porsche, lakini baadhi ya Toyota za karibuni huhifadhi matukio kama kukanyaga petroli na breki kwa pamoja. Skana (mashine ya kusomea kompyuta) ya bei rahisi haiyaoni, mashine ya wakala inayaona.

Sasa muulize dereva jambo moja: mizunguko ilipanda kwa kukanyaga petroli, au kwa kushusha gia vibaya? Kwa petroli, kompyuta inakata mafuta mshale ukifika kikomo. Lakini ukitoka gia ya 5 ukaingiza ya 2 kwenye kilomita 100 kwa saa, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Kukata mafuta hakusaidii kitu hapo, vali zinaweza kugonga pistoni.

Mchuuzi_Malindi: Anasema petroli tu, gia hakukosea.

Ami_Gereji: Basi shughulika na ringi, zile pete za pistoni, kompyuta iache. Ringi mpya hukaa kwenye kuta za silinda kilomita za mwanzo. Injini ikikamuliwa ingali baridi, oili haijafika vizuri kila mahali, kuta hukwaruzika na baadaye inakula oili. Kitabu cha Toyota kinasema: kilomita 300 za mwanzo usifunge breki ghafla, 800 usivute tela, 1,000 usikanyage kwa nguvu wala kushikilia mwendo mmoja muda mrefu.

Mpemba_Wete: Hilo la mwendo mmoja watu hulisahau. Milima ya huku kwetu Chake–Wete inafaa: unapanda kwa petroli ya wastani, unashuka kwa gia bila kukanyaga. Unguja kwa tambarare yenu, badilisha mwendo kwa makusudi.

Fundi_Kwerekwe: Pima oili asubuhi, injini baridi, pahala tambarare, uandike kila kilomita 500. Ikishuka haraka au moshi wa buluu ukitoka, mpelekee wakala na daftari lako, akapime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: plagi zote nje, petroli imekatwa, kanyagio hadi chini. Silinda iliyo dhaifu itiwe kijiko cha oili ipimwe tena. Ikipanda, ni ringi. Ikibaki pale pale, tazama vali. Na usibadilishe oili ukatia nzito kwa kuificha, hiyo nayo waranti hawaipendi.

Mchuuzi_Malindi: Shukran. Dereva nimemnyang'anya ufunguo mpaka ifike 1,000.