Tupeane uzoefu: mtu mzima mwenye kupenda katuni za watoto, umeshaonja nini?

Fundi wa Birere (Goma)

Wapendwa, leo nafungua moyo. Nina miaka 38, nina mke, natengeneza simu hapa Birere, na napenda katuni ya farasi wadogo wenye rangi za peremende. Ndiyo, My Little Pony, ile ya Twilight Sparkle na wenzake. Cheka kwanza, halafu urudi usome.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilitapika. Siku tano baadaye gavana akaamuru sehemu ya mji ihame, tukashika njia ya Sake, binti yetu wa miaka mitano akiwa mabegani mwangu. Ndani ya simu nilikuwa na vipindi sita tu, mteja aliniomba nimkopie kwenye fleshi nami nikasahau kufuta. Tulilala darasani, watu zaidi ya thelathini. Kila ardhi ikitikisika mtoto ananishika sikio. Si mkono, sikio. Nikafungua kipindi kimoja, sauti chini kabisa, watoto wa watu wakajisogeza nyuma yangu mmoja mmoja, pumzi zao shingoni mwangu. Simu ilikuwa na asilimia 31. Ikazimika Rainbow Dash, yule farasi mwenye mabawa, akiwa katikati ya mashindano ya kuruka. Watoto walilala. Mimi ndiye niliyebaki macho gizani nikijiuliza: sasa alishinda au hakushinda?

Tuliporudi nikavitafuta vyote. Misimu tisa, vipindi 222, kuanzia Oktoba 2010 hadi Oktoba 2019. Nimevimaliza mara mbili, mara ya pili bila mtoto.

Halafu siku moja nikaacha kompyuta wazi kibandani. Tangu hapo jirani zangu wananiita Papa Poni, na kuna mzee mmoja aliyechukua simu yake kabla haijapona, akasema mwanaume anayeangalia mambo ya wasichana ana lake jambo. Nyinyi yamewapata yapi? Na zile fujo za mashabiki wenyewe wakigombana juu ya katuni hii, mlisimama wapi?

Jiwe Jeusi (Goma)

Vita huku, maisha magumu huku, wewe na farasi wa rangi ya waridi. Nchi hii bwana.

Fundi wa Birere

Na wewe unaamka saa ngapi kuangalia wanaume 22 wakikimbizana na mpira Ulaya?

Jiwe Jeusi

Sawa, umenifunga.

Dada Kadutu (Bukavu)

Fundi, asante kwa kuanza. Langu ni refu kidogo, mnisamehe.

Mdogo wangu ana makengeza tangu kuzaliwa. Kwenye ngazi za Kadutu watoto walimwita Njia Mbili, kwa sababu jicho moja linakwenda Bagira na lingine linakwenda Panzi. Siku moja tunaangalia kipindi cha kwanza kabisa, akapiga kelele: "Simamisha! Rudisha nyuma!" Kule nyuma ya kundi kulikuwa na farasi wa kijivu, nywele za njano, macho yake kila moja na upande wake. Haongei, hana kazi, amesimama tu. Mdogo wangu akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Akaomba nimpigie picha ile sehemu, akaiweka kwenye simu ya mama.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba dunia nzima ya mashabiki ilikuwa imemwona yule farasi na kumpa jina Derpy. Januari 2012 wenye katuni wakawakubalia: wakampa maneno ya kusema na Rainbow Dash akamwita kwa jina lile. Watu wakafurahi siku chache. Kisha wazazi wengine wakalalamika kwamba jina lenyewe ni tusi, kama kumwita mtu zuzu, na kwamba ile sauti nzito ya kuburuta inawacheka watu wenye ulemavu. Kipindi kikarekebishwa: jina likaondolewa, sauti ikabadilishwa, macho yakanyooshwa kidogo. Hapo mashabiki wakubwa wakawaka moto. Na mimi nikiwemo, siku hizo nilikuwa chuo, nikaandika maneno makali mno kuhusu watu wasiojua utani.

Nilikuwa na matoleo yote mawili. Nikamwonyesha mdogo wangu, naona kama naleta shahidi wangu mahakamani. La kwanza akaangalia kimya. La pili, aliponyooshwa macho, akauliza: "Kumbe na yeye walimpeleka hospitali?" Nikamweleza ugomvi wote. Akafikiri, mtoto wa miaka kumi, akatoa hukumu: "Macho warudishe. Sauti ya kwanza waache, ni sauti wanayonifanyia mimi shuleni."

Nilifuta maneno yangu usiku uleule. Lakini hata wale wazazi siwezi kuwapa ushindi wote, maana waliposema ondoa, na macho yakaondoka pamoja na tusi. Kwenye kipindi cha 100, Juni 2015, yule farasi aliongea tena, na macho yake yaleyale, na mwishoni jina likaandikwa Muffins. Mdogo wangu sasa amepita miaka ishirini, amekuwa kijana mrefu, lakini ile picha bado anayo.

Mtoto wa Katuba (Lubumbashi)

Bandugu, miye natumika na lori, natoka L'shi naenda Kasumbalesa. Mu foleni ya mpaka unaweza kulala siku tatu, ine. Batu banakunywa, banacheza karata. Miye naangalia poni. Tuniboy wangu, musaidizi wa mu lori, alinicheka mpaka nikamupa sikio moja ya ekuta, yeye asikilize. Sasa njo yeye analomba "patron, tuendelee."

Siku ile Twilight alipewa mabawa na kuwa binti mfalme, tulikosana naye kabisa. Yeye anasema alistahili, alisoma sana. Miye nasema hapana: uliona wapi mutu anapanda cheo bila ya kuacha barafiki ku mulango? Hatukusemezana mpaka L'shi. Foleni ya nyuma yetu bakapiga honi, tulikuwa tumesahau kusogea.

Dada Kadutu

Hahaha, kaka, hata huko kwao walipigana hivyohivyo. Ilikuwa Februari 2013, mwisho wa msimu wa tatu. Wengine walisema ni mbinu ya Hasbro, kampuni yenye katuni, ya kuuza midoli mipya ya kifalme.

Mtoto wa Katuba

Midoli bauzishe. Lakini mabawa hapana.

Mwenye Pikipiki (Goma)

Yangu ni fupi. Mtoto wa dada alinibandikia Rarity kwenye tenki ya pikipiki, yule mweupe mwenye pembe. Nimempakia mama mmoja pale Signers, anakwenda Ndosho. Hatujafika mbali akaiona. "Simama! Hiyo pembe ni ya nini?" Nikasema mama, ni katuni. "Simama, sipandi pikipiki ya freemason." Akashuka katikati ya vumbi na sahani yake ya ndizi kichwani, akawa anakemea kwa jina la Yesu huku wapita njia wanasikia. Nikamuuliza: na mbuzi unayemla Krismasi, yeye hana pembe? Akasema huyo ana mbili.

Sikuwa na jibu. Nilikwangua Rarity kwa kisu jioni ile. Mtoto alilia, nikambandikia Rainbow Dash, hana pembe, ana mabawa tu. Mpaka leo abiria wanasema ni malaika.

Mama Wawili (Goma, Himbi)

Nimecheka, lakini naomba niseme jambo ambalo nyinyi wanaume mnalipita pembeni. Binti yangu aliniomba nimtafutie picha ya Fluttershy, mmoja wa wale farasi, apake rangi. Nikaandika jina, nikampa simu, nikaenda jikoni kugeuza mboga ya sombe. Niliporudi alikuwa ameganda. Ile michoro siwezi kuieleza hapa. Imechorwa na watu wazima, kwa ajili ya watu wazima, kwa jina la katuni ya mtoto wangu. Tangu siku hiyo nikisikia mwanaume anasema ni shabiki wa poni, tumbo linanikata. Niambieni nakosea wapi.

Fundi wa Birere

Mama, hukosei. Hilo lipo, nami nimelikuta. Wako mashabiki wengi, bronies wanavyojiita, ambao hawana habari nalo kabisa. Kule Baltimore, Marekani, mwaka 2019 BronyCon ya mwisho, mkutano wao mkubwa, ilijaza watu zaidi ya 10,000, wakivaa mikia ya bandia na kuimba, basi. Lakini kusema "si sisi" hakumsaidii binti yako. Mimi nikikopia mtu, namwekea picha safi kwenye folda yake, ili asiende kutafuta. Pita Birere, nitakupa za Fluttershy bure.

Mama Wawili

Nitapita. Lakini nitakuja na mume wangu.

Fundi wa Birere

Karibuni wote wawili, kuna benchi.

Jiwe Jeusi

Niulize kwa adabu sasa. Huyo Rainbow Dash kwenye yale mashindano, alishinda?

Dada Kadutu

Usimwambie! Aangalie mwenyewe.

Fundi wa Birere

Ataangalia, nitampa fleshi.

Nami niwape la leo, maana limenipata baada ya kuandika pale juu. Binti yangu ametimiza miaka tisa. Jioni hii rafiki zake wawili wa shule wamekuja kufanya kazi ya nyumbani. Mimi niko chumbani, msimu wa tano, sauti chini kama kule Sake. Akaingia taratibu, akaangalia kioo, akaniangalia mimi. Nikadhani atakaa. Akasema kwa sauti ya chini: "Papa, tafadhali funga mlango. Watadhani ni zangu."