Bendera ya Taifa ya Tanzania: tuiache ilivyo, tuongeze mlima, au turekebishe ushonaji tu? Naomba tulinganishe

FundiMbuyuni (Moshi)
Wakuu habari za jioni, mimi ni fundi cherehani hapa Moshi maeneo ya Mbuyuni na miaka ya karibuni bendera ndo zinanilisha, nashonea shule, mahoteli na hizi kampuni za kupandisha wageni mlimani. Juzi kaja mteja anataka bendera 40, kaniletea sampuli tatu ili nifuate mojawapo, nikazitandaza mezani nikashangaa, utadhani ni nchi tatu. Ya kwanza bluu yake ni ya anga kabisa na kijani kama jani changa la mgomba. Ya pili bluu nzito ya sketi za shule, njano imekuwa pana mpaka nyeusi imebanwa, yani wananchi wenyewe wamebaki kamba. Ya tatu imeprintiwa, ndefu kama kanga, mkanda umelala badala ya kupanda na njano ya chini imefifia huioni mpaka usogee. Afu juu ya yote hayo anataka niweke Kibo, kile kilele cheupe cha Kilimanjaro, katikati ya ile nyeusi, anasema wageni watapenda kupigia picha kule juu.

Hilo la Kibo nimemkatalia palepale ila nimerudi home linanizunguka kichwani. Kwaiyo naleta kwenu, njia naziona tatu: tuiache kama ilivyo na kila mtu ashone anavyojua, tuongeze alama kama mlima au twiga au Mwenge, ama mchoro ubaki uleule ila watu tushike vipimo na rangi moja.

Mimi niko ya tatu na naisema kama mtu anayeishika kila siku. Bendera yetu ni vipande vitano tu, pembetatu ya kijani, njano, nyeusi, njano, pembetatu ya bluu. Ila maungio yote manne yako mshazari, na kitambaa ukikikata mshazari kinavutika, ukiikimbiza mashine njano inakuja na mawimbi. Dawa yake ile njano uikate kwa kufuata uzi wa kitambaa, uipige bandi kwa mkono kwanza, yani mshono wa muda, afu ndo upitishe mashine taratibu. Wengi hawana huo muda, wanainenepesha njano ifiche makunyanzi. Na urefu pia, bendera yetu ni mbili kwa tatu, yani sentimita 60 kwa 90, ukiivuta ikawa moja kwa mbili mkanda lazima ulale. Mchoro hauna kosa lolote, kosa liko kwetu tunaoshona na kuprinti.

KijanaNgarenaro (Arusha)
Fundi heshima yako kaka ila mimi niko na mteja wako. Naongoza wageni mlimani mwaka wa sita huu. Waganda wana ndege wao korongo, Wakenya ngao na mikuki, hizo ukiziona tu umezijua. Yetu mgeni mmoja aliniuliza kama ni ya Namibia, nikabisha, akanionyesha kwenye simu, na kweli mkanda unapanda vilevile kutoka chini kushoto, ila wao bluu iko juu na jua lake, mkanda mwekundu wenye kingo nyeupe, kijani chini. Afu kuna St Kitts and Nevis ndo nilichoka kabisa, kijani juu, mkanda mweusi, kingo za njano, tofauti ni nyekundu chini na nyota mbili nyeupe kwenye mkanda. Sisi tuna mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895, na kwenye bendera haupo. Inaniuma kwa kweli.

MwlMajengo (Moshi)
Mwanangu wa Ngarenaro, hao wawili unaosema tunafanana nao wamekuja nyuma yetu. Yetu ilianza kutumika 30 Juni 1964, St Kitts ni 1983, Namibia ni 1990. Mtoto akifanana na baba hatumwambii baba abadilishe sura.

Na mlima upo, ila uko mahali pake. Angalia Nembo ya Taifa, yule bwana na yule bibi wamesimama juu ya Kilimanjaro, miguuni kuna karafuu na pamba, na ndani ya ngao bendera yenyewe imo pamoja na Mwenge. Nembo kazi yake ni kueleza kwa kirefu. Bendera inatakiwa mtoto wa darasa la tatu aichore kwa penseli nne za rangi, na nimefundisha miaka mingi, wanaiweza.

Kitu kimoja wengi wanakikosea hata hapa kwetu chini ya mlima. Bendera aliyoipandisha Luteni Alexander Nyirenda kileleni usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 pamoja na Mwenge haikuwa hii. Ilikuwa ya Tanganyika, rangi zimelala, kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na mistari myembamba ya njano ikitenganisha. Ilitokana na ile ya chama cha TANU ya kijani na nyeusi, njano ikaongezwa. Bluu haikuwepo. Bluu imekuja na Zanzibar, ambao baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 walikuwa na bluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi, ASP. Ukaja Muungano wa 26 Aprili, sasa una bendera mbili zote zimelala, utaiweka ipi juu? Ukizipanga kwa kulala mmoja atakuwa chini tu. Wakazikata mshazari, kijani ikapata juu na upande wa mlingoti, bluu ikapata chini na upande unaopepea, nyeusi ambayo wote walikuwa nayo ikapita katikati. Mimi naona hiyo ni akili kubwa sana na kila nikiitazama naipenda upya. Sasa ukiweka Kibo juu ya mkanda huo, mwenzako wa Unguja naye aweke nini?

MzanzibariWaSakina (Arusha)
Mwalimu shikamoo. Swali lako la mwisho nakushukuru kulitaja mimi nisije nikaonekana mchokozi. Sisi visiwani toka Januari 2005 tuna bendera yetu ya Zanzibar, bluu, nyeusi, kijani zimelala, na ile ya Muungano imewekwa ndogo pale juu kwenye kona ya mlingoti. Kwaiyo mtu akiongeza kitu kwenye ya Muungano ajue anabadilisha na ya kwetu humohumo. Na kushona kale kadogo nako ni kazi, fundi atakuambia.

FundiMbuyuni (Moshi)
Kweli kabisa, nimewahi kushona mbili, ile kona ilinichukua muda kuliko bendera nzima, njano inakuwa kama uzi wa kiatu.

LoriLaKusini (Himo)
Mimi naongezea la barabarani. Wenzetu Malawi walikuwa na nyeusi, nyekundu, kijani na jua jekundu linachomoza pale kwenye nyeusi, toka 1964. Mwaka 2010 wakati wa Rais Bingu wa Mutharika ikabadilishwa, nyekundu ikapanda juu, nyeusi katikati na jua jeupe zima, maana yake ikiwa nchi imeshatoka alfajiri imefika mchana. Mwaka 2012 akaingia Joyce Banda, bunge likairudisha ya zamani. Miaka miwili tu. Mimi nilikuwa na bendera ndogo ya kwao kwenye dashibodi maana nilikuwa napita mpaka wa Songwe kila mara, nikanunua mpya, afu nikarudishia ile ya mwanzo. Sasa piga hesabu shule zote, vituo vya polisi, balozi. Hata ukiwa na nia njema, bendera ikibadilishwa na watu wachache wenye nchi wanaona sio yao.

DadaNjiro (Arusha)
Ila tusiseme kubadili ni vibaya siku zote jamani. Napita makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki karibu kila siku, bendera ya Rwanda iliyopo pale ni ya 2001. Ile ya kabla ilikuwa nyekundu, njano na kijani na herufi R kubwa katikati. Sisi watu wa Arusha ile mahakama ya mauaji ya kimbari tuliishi nayo pale AICC, kituo cha mikutano, hadi ilipofunga mwishoni mwa 2015, tunaelewa kwa nini Mnyarwanda hakutaka kuendelea kuinua kitambaa kilekile cha 1994. Afrika Kusini nao 1994, ile ya zamani ilikuwa ya ubaguzi, ingebaki vipi. Hao walikuwa na jeraha. New Zealand hawakuwa na jeraha la hivyo, waliona tu inafanana na ya Australia, wakapiga kura ya maoni 2016 na asilimia 56.6 wakasema ibaki ya zamani. Kwaiyo kaka Ngarenaro, kufanana peke yake nchi nzima huwezi kuiamsha nayo. Sisi bendera yetu jeraha gani inatukumbusha? Mimi silioni.

DerevaLandCruiser (Arusha)
Naomba na mimi nilie kidogo. Bendera yetu ukiizungusha juu ikawa chini mkanda unabaki unapanda vilevile!! Jaribuni na karatasi. Kinachobadilika ni bluu tu kuwa juu, ndo maana nazikuta zimegeuzwa kwenye mageti ya loji na watu wanapita hawashtuki. Kijani iwe juu, karibu na mlingoti, basi. Kingine stika za gari, ubavu wa kushoto wa gari unabandika ya kawaida, ubavu wa kulia inatakiwa ya kinyume, maana mlingoti unatangulia mbele na bendera inapepea kurudi nyuma. Ukibandika zilezile pande zote, upande wa kulia gari inaenda mbele bendera inaenda nyuma. Wauza stika wengi hapa mjini ukiwaomba ya kulia wanakuangalia tu.

KijanaNgarenaro (Arusha)
Dah hii ya kuzungusha nimejaribu na daftari sasa hivi, kweli tupu. Nimewaelewa wazee, la mlima kwenye Nembo sikuwahi kuliangalia vizuri aisee. Ila fundi, mteja wako bado anataka Kibo, utamfanyaje? Hela ya bendera 40 sio ya kuiachia.

FundiMbuyuni (Moshi)
Nimeshaongea naye saa hizi. Nimemwambia bendera ya Taifa namshonea 60 kwa 90 bila kuongeza kitu, na Kibo namtengenezea kwenye kitambaa kingine chenye jina la kampuni yake, mgeni ashike mkono huu bendera na mkono huu Kibo. Amekubali. Mashaka yangu yamebaki kwenye bluu, sampuli zote tatu siziamini, na duka ninalonunulia wana za aina nne.

MwlMajengo (Moshi)
Usichague ukiwa dukani ndani, taa zinadanganya. Omba vipande vya zote nne, kesho asubuhi saa mbili nenda navyo ofisi yoyote ya serikali jua likiwa limeshatoka, vilinganishe na iliyo mlingotini. Afu pitia kwangu tuvione wote, na hiyo njano yako pia uje nayo, wengine tulifundishwa ni dhahabu.

FundiMbuyuni (Moshi)
Sawa mwalimu, saa mbili na nusu niko kwako.